Mashine ya kudarizi ya nyumbani: yajue haya kabla hujatoa hela yako

Leo naongea na wewe unayeuza mashuka, foronya, taulo, tisheti au nguo za watoto mtandaoni, na umeanza kuwaza kununua mashine ya kudarizi ili uweke majina na nembo mwenyewe. Post ni ndefu kidogo, ila isome mpaka mwisho. Itakuokolea hela ambayo mimi sikuiokoa.

Niko Misungwi. Nilimaliza form four, sikuendelea, nikaanza kuuza mashuka na foronya kwa WhatsApp status. Wateja wakawa wanaomba jina lidariziwe: "Mr & Mrs", jina la mtoto, tarehe ya harusi. Nikawa napanda gari kwenda Mwanza mjini kwa fundi, naacha mzigo, narudi kuufuata siku ya pili. Nauli mara mbili, hela ya fundi, na mteja ananipigia simu kila saa. Nikasema hapana, nanunua mashine yangu. Nikachukua akiba yangu, nikaongezea mkopo wa kikoba ambao mama alinidhamini.

Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa masweta 36 ya shule, kila moja na nembo kifuani. Nikaahidi siku moja. Nilimaliza siku ya tatu. Mwalimu alipofungua furushi akaangalia sweta la kwanza, la pili, akaniuliza, "Mwanangu, hii nembo mbona imekunja uso?" Kweli, nembo zote zilikuwa zimejikunja, na jina la shule halisomeki. Yalipofuliwa ndo ikawa mbaya zaidi. Masweta yalikuwa 12,000 kila moja, jumla 432,000, na nililipa yote. Rejesho la kikoba lilikuwa wiki ileile. Mama aliuza magunia mawili ya mpunga tuliyokuwa tumeyaweka ya kula.

Kosa halikuwa la mashine. Lilikuwa langu, kwa sababu nilijua kuwasha mashine tu, kudarizi sikujua. Haya, twende hatua kwa hatua.

1. USINUNUE MASHINE ILI UTAFUTE WATEJA. TAFUTA WATEJA KWANZA

Kwa miezi miwili au mitatu pokea oda, peleka kwa fundi mwenye mashine, weka faida yako juu. Andika kwenye daftari: oda ngapi kwa mwezi, za ukubwa gani, fundi umemlipa shilingi ngapi. Hilo daftari ndo litakwambia kama mashine itajilipa. Ukikuta ni oda tatu kwa mwezi, endelea na fundi, hakuna aibu.

Kuna njia nyingine ya kuanzia kama una cherehani tayari. Mafundi wetu wengi wanadarizi kwa cherehani ya kawaida: wanatoa mguu unaokandamiza kitambaa, wanashusha au kufunika yale meno ya chini, wanabana kitambaa kwenye fremu ya duara, halafu wanazungusha kitambaa kwa mikono wakifuata mchoro wa penseli. Ni ufundi wa mkono kabisa, unachukua muda kuuzoea, lakini mtaji wake ni mdogo sana. Na ukiujua, mashine ya kompyuta hutaiogopa tena.

2. UNANUNUA MASHINE GANI?

Zipo za aina tatu:

- Ya kudarizi tu. Haishoni nguo. Mfano ni Brother PE800.
- Ya kushona na kudarizi kwa pamoja. Mfano ni Brother SE600.
- Ya kiwandani, yenye sindano nyingi, kama za Tajima. Hiyo inabadilisha rangi yenyewe. Bei yake ni ya mtu ambaye tayari ana kazi ya kila siku, tuiache.

Hizi mbili za nyumbani zina sindano moja. Maana yake nembo ikiwa na rangi nne, mashine inasimama baada ya kila rangi na wewe unabadilisha uzi kwa mkono. Kumbuka hilo unapopanga muda.

Kabla hujalipa, uliza mambo manne:

Kwanza, ukubwa wa fremu. Fremu ndo eneo ambalo mashine inaweza kudarizi kwa mara moja. SE600 ina sentimita 10 kwa 10, PE800 ina 13 kwa 18. Mchoro ukizidi fremu, mashine inakataa. Sentimita 10 kwa 10 inatosha nembo ya kifuani na jina fupi kwenye taulo. Jina refu la kwenye shuka au nembo ya mgongoni haitoshi. Watu wengi wanaangalia bei tu, wanakuja kujuta kwenye fremu.

Pili, umeme. Mashine nyingi za mtumba zinazouzwa mtandaoni zimetoka Marekani, zinatumia volti 120. Umeme wetu ni 230. Jamaa yangu mmoja alichomeka moja kwa moja ukutani, ikatoa harufu, ikazima, na hiyo ikawa ndo safari yake ya kudarizi imeisha. Angalia kibandiko cha chini au cha nyuma ya mashine. Kikiandika 120 V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, na gharama yake iingize kwenye bei kabla hujasema "nimepata kwa bei rahisi".

Tatu, faili inayosoma. Brother wanasoma PES, Janome wanasoma JEF, na za kiwandani mara nyingi DST. Kama mchora nembo wako anatoa aina moja tu, hakikisha mashine yako inaisoma.

Nne, vipuri. Bobini, fremu na sindano zake zinapatikana wapi? Uliza maduka ya vifaa vya cherehani Mwanza mjini au Kariakoo kabla, sio baada. Na kama ni mtumba, usilipe mpaka uione inadarizi mchoro mmoja mzima mbele yako, hata kwa video ya simu isiyokatwa.

3. VITU VINGINE AMBAVYO HAKUNA ANAYEKWAMBIA

Hela ya mashine sio hela yote. Weka pembeni hela ya hivi:

Uzi wa kudarizi. Ule wa kushonea suruali hauna mng'ao na unakatika ovyo kwenye spidi. Nunua wa poliesta, namba 40. Poliesta inavumilia kufuliwa na jua kuliko reyoni, na wateja wetu wanaanika juani. Anza na rangi kumi: nyeusi, nyeupe, nyekundu, bluu mbili, kijani mbili, njano, dhahabu, maruni. Rangi za sare za shule ndo zinatembea zaidi.

Uzi wa bobini. Huu ni mwembamba kuliko wa juu, kwa kawaida mweupe. Ukiweka uzi mnene chini, nembo inakuwa ngumu kama kadibodi.

Sindano namba 75/11. Kwa vitambaa visivyovutika kama shuka na shati, tumia ya ncha kali. Kwa tisheti na sweta, tumia ya ncha butu, inapita katikati ya nyuzi bila kuzikata. Badilisha kila baada ya saa kama nane za kudarizi. Sindano ni hela ndogo, sweta la mtu ni hela kubwa.

Stabilaiza. Hapa ndo niliumia. Ni kitambaa chepesi, mara nyingi cheupe, unakiweka chini ya nguo ili nguo isivutwe na mishono. Zipo tatu, zijue kwa kichwa:

- Ya kuchana: kwa vitambaa visivyovutika (shuka, foronya, shati). Ukimaliza unaichana, basi.
- Ya kukata: kwa vitambaa vinavyovutika (tisheti, sweta, jezi). Haichaniki. Unaikata kwa mkasi kuzunguka nembo na inabaki ndani ya nguo maisha yake yote. Ndo inayoshikilia nembo hata baada ya kufuliwa mara nyingi.
- Ya kuyeyuka kwenye maji: inaonekana kama nailoni. Inawekwa JUU ya taulo au sweta ili mishono isizame kwenye manyoya. Ukimaliza unalowesha, inapotea.

Masweta yangu 36 niliyadarizi kwa ya kuchana, kwa sababu ndo niliyokuwa nayo. Sweta linavutika, stabilaiza ikachanika, hakuna kilichobaki kushikilia nembo. Ikakunja uso.

4. MASHINE HAISOMI PICHA

Mteja atakutumia picha ya nembo WhatsApp na kukwambia "weka hii". Mashine haielewi picha. Inahitaji faili inayoiambia sindano ishuke wapi, iende upande gani, ibadilishe rangi lini. Kazi ya kugeuza picha kuwa mishono inaitwa kudijitaizi, na ni ufundi wenyewe.

Una njia mbili. Ya kwanza, mlipe mtu anayejua. Ya pili, jifunze mwenyewe. Ipo programu ya bure inaitwa Ink/Stitch, inafanya kazi ndani ya Inkscape ambayo nayo ni bure. Unahitaji kompyuta, hata ya kuazima, na uvumilivu. Inatoa PES, JEF na DST, unaweka kwenye flashi, unachomeka kwenye mashine.

Ukijifunza, shika haya:

- Mishono ni ya aina tatu. Wa mstari mwembamba, kwa vitu vidogo na michoro ya nje. Wa satini, unaoenda kulia na kushoto, kwa herufi na mipaka. Na wa kujaza, kwa maeneo makubwa.
- Nafasi kati ya mstari na mstari kwenye mshono wa kujaza huwa karibu milimita 0.4. Ukibana zaidi, nguo inakuwa ngumu na sindano inakatika. Ukiachia zaidi, rangi ya nguo inaonekana.
- Mishono inavuta kitambaa. Duara uliyochora kwenye kompyuta inaweza kutoka kama yai. Kwa hiyo unachora pana kidogo upande ambao mishono inavuta.
- Kabla ya mshono wa juu, weka mishono michache ya chini ya kushikilia kitambaa, kama fundi ujenzi anavyoweka msingi kabla ya tofali.
- Herufi chini ya milimita 5 usiahidi. Jina la shule kwenye nembo yangu lilikuwa na herufi za milimita 3. Likatoka kama njia ya sisimizi.
- Faili iliyokwisha kuwa mishono usiikuze au kuipunguza zaidi ya asilimia 20 hivi. Mishono inabanana au inaachana. Tengeneza upya.

5. SIKU YA KWANZA KWENYE MASHINE

Usianze na nguo ya mteja. Anza na vipande vya shuka la zamani.

a) Weka sindano mpya na bobini. Hakikisha uzi wa bobini umepita kwenye mfereji wake mpaka mwisho.

b) Pitisha uzi wa juu mguu wa mashine ukiwa UMEINULIWA. Mguu ukiwa chini, visahani vinavyobana uzi vimefunga, uzi haungii katikati yake. Hili kosa moja ndo linaleta matatizo mengi ya wanaoanza.

c) Bana stabilaiza na kitambaa kwenye fremu pamoja. Shuka linyooke kama ngozi ya ngoma. Sweta au tisheti USILIVUTE. Ukilivuta likakaa limenyooka, ukilitoa litarudi na nembo itajikunja. Njia salama kwa sweta: bana stabilaiza ya kukata peke yake kwenye fremu, lilaze sweta juu yake bila kuvuta, lishikize kwa pini mbali na njia ya sindano, weka ile ya kuyeyuka juu, ndo udarizi.

d) Pima katikati kwa rula na chaki. Jicho linadanganya.

e) Punguza spidi. PE800 inafika mishono 650 kwa dakika, ila hakuna aliyekulazimisha. Mimi natembea na 400 kwenye sweta.

f) Kaa hapohapo. Usiiache ikadarizi peke yake wewe ukaenda kusonga ugali. Mkono wa sweta ukiingia chini ya fremu, unaushonea kifuani.

Ukimaliza, geuza nyuma uangalie. Kwenye mshono wa satini, uzi mweupe wa bobini uonekane katikati, kama theluthi moja, na rangi ya juu pande zote mbili. Hapo mkazo uko sawa.

Ukiona uzi mweupe unatokea juu: uzi wa juu umekazwa sana, au bobini haikukaa vizuri. Ukiona msongamano kama kiota cha ndege chini: kosa mara nyingi liko juu, rudia kupitisha uzi mguu ukiwa umeinuliwa. Uzi unakatika kila mara: badilisha sindano kwanza, kisha angalia uzi, mwisho ndo uguse mkazo.

6. UMEME

Mashine ya nyumbani inakula kidogo, chini ya wati 100. Uniti moja inakupa zaidi ya saa kumi. Pasi ndo inayokumalizia uniti. Tatizo letu ni umeme kukatika katikati ya kazi. Mashine kama PE800 inakumbuka ilipoishia, ukiiwasha inaweza kuendelea, lakini usiitoe nguo kwenye fremu. Ukiibana tena, hata ukikosea milimita moja, itaonekana. Ukipata uwezo nunua UPS ndogo, inakupa muda wa kusimamisha kazi kwa utulivu na inalinda mashine umeme unaporudi kwa kishindo.

7. BEI: HESABU KABLA YA KUSEMA "SAWA"

Wengi tunapanga bei kwa kuangalia jirani. Chukua nembo ya mishono 6,000, rangi tatu. Kwa spidi ya 400 ni dakika 15. Kubana fremu, kubadilisha uzi, kukata nyuzi, weka dakika 10. Jumla dakika 25 kwa sweta moja. Masweta 36 ni dakika 900, yaani saa 15 bila kula. Na mimi niliahidi siku moja! Kama ningepiga hii hesabu kwenye daftari, nisingeahidi.

Uzi: mishono 1,000 inakula kama mita 5 za uzi wa juu. Nembo hiyo ni mita 30. Kibunda cha mita 1,000 kinatoa nembo kama 33.

Sasa mfano wa bei, weka namba zako mwenyewe. Tuseme uzi, stabilaiza, sindano na umeme ni 600. Muda wako ni 3,000 kwa saa, dakika 25 ni 1,250. Mashine ilikugharimu 1,500,000 na unataka ijilipe ndani ya nembo 1,500, hiyo ni 1,000 kwa kila nembo. Jumla 2,850. Ukiuza 2,500 kwa sababu jirani anauza 2,500, unamlipa mteja akuvalie kazi yako. Ukiuza 4,000 unabaki na 1,150, na hiyo ndo itakulipia siku utakapoharibu nguo ya mtu. Utaharibu, amini.

Kudijitaizi nembo mpya toza peke yake, mara moja. Oda ya pili ya nembo ileile usitoze. Mteja akijua hivyo, anarudi.

8. ODA ZA MTANDAONI

- Andika jina kwa herufi, mtumie mteja, asubiriwe ajibu "sahihi". Usichukue jina kwa sauti. Khadija, Hadija na Hadidja ni watu watatu.
- Darizi sampuli moja kwenye kitambaa cha aina ileile, piga picha mchana, mtumie. Akikubali ndo uendelee.
- Chukua kianzio cha nusu kabla hujakata uzi. Kitu chenye jina la mtu huwezi kumuuzia mwingine.
- Sampuli ya oda kubwa ifue na uianike kabla ya kuendelea. Ningefua sweta moja tu, ningeokoa 35.
- Nembo za Simba, Yanga na kampuni kubwa zina wenyewe. Usizidarizi kuuza bila ruhusa. Za shule, kwaya na vikundi, hakikisha anayeagiza ana mamlaka ya kuagiza.
- Panua soko lako. Tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kivuko hakitusubirishi tena. Mzigo wangu wa Sengerema na Geita unaondoka na basi asubuhi, mteja anaupokea siku hiyohiyo.

Na kama mtaji ndo tatizo, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu kuhusu ile mikopo ya asilimia 10: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Wengi wanaipata kupitia kikundi, kwa hiyo tafuta wenzako unaowaamini.

Mwisho nimalizie ya yule mwalimu. Baada ya kulipa nilikaa miezi minne nadarizi vipande vya shuka tu, usiku, baada ya kufunga oda za foronya. Nikadarizi nembo ile ile ya shule, kwa herufi za milimita 6, stabilaiza ya kukata, ile ya kuyeyuka juu. Nikaifua mara tano, nikampelekea sweta moja, bure, bila kuomba kitu. Akaligeuza ndani, akavuta kwa mikono miwili, akaliacha mezani. Muhula uliofuata akaagiza masweta 20. Nikamwambia nipe wiki moja. Nilimaliza siku ya tano.

Magunia mawili ya mpunga nilimrudishia mama mwezi ule. Alipoyaona mlangoni alisema tu, "Haya, sasa tunakula."

Kama una swali kuhusu mashine unayotaka kununua, uliza hapa hapa kabla hujalipa. Nitajibu ninachokijua.